Mlio wa Kiziwi

Mwaka 1874 mtunzi wa muziki wa Kicheki, Bedřich Smetana, alipatwa na uziwi. Mwaka 1876 aliyasimulia maisha yake kwa fidla mbili, viola na selo. Katika sehemu ya mwisho shangwe hukatika ghafla, na fidla ya kwanza ikashikilia sauti moja ya juu, nyembamba: ndio mlio uliomvamia masikioni kabla ya kimya.

Mwaka 1878 kazi hiyo ilipigwa faraghani mjini Prague, Antonín Dvořák akishika viola. Mwaka 1928 wapigaji wanne wa České kvarteto waliirekodi katika santuri. Fidla ya pili ilikuwa mikononi mwa Josef Suk, mkwewe Dvořák. Mlio aliousikia mgonjwa peke yake ukawa amana ya wenye masikio.