Mchanga Mwekundu, Paa Jeupe

Kaskazi inaposhika, kati ya Desemba na Machi, ufuo wa Galu kusini mwa Diani hujaa tiara kubwa za rangi, watu wakivutwa nazo juu ya maji. Mbele yao, karibu na mwamba, hupita ngalawa za wavuvi, matanga yao yakiwa na viraka, mengine yameshonwa kwa magunia ya nailoni. Tiara ya aina ile, yenye ukingo unaojazwa upepo, ilibuniwa na ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioiwekea hataza mwaka 1984. Leo vipande vyake hukatwa kiwandani kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Tanga la ngalawa hukatwa kwa mkasi, chini ya mnazi. Hata hivyo kazi ni ileile: kukata kitambaa vipande, kuviunganisha, kisha kukivuta mpaka kiwe kigumu.

Kazi hiyo ndiyo iliyozaa mapaa ya kitambaa tunayoyaona kwenye viwanja vya michezo na vya ndege duniani. Ukuta wa mawe ya matumbawe, kama ule wa Msikiti wa Kongo hapo Diani, husimama kwa sababu uzito wake unaukandamiza. Paa la kitambaa halina uzito wa kujivunia. Husimama kwa kuvutwa, na likilegea tu limekwisha.

Pwani yetu ililijua jambo hilo zamani sana. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, kilisafiri kwa tanga la mraba la mkeka wa miyaa mpaka kilipotoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Jahazi lilikuja na tanga la pamba lililofungwa kwenye foromali. Fundi wa tanga hakushona bendera. Alijua kwamba kitambaa bapa hupigapiga tu upepo ukikigusa, kwa hiyo aliyapunguza mapande hapa, akayaongeza pale, tanga lipate tumbo. Hesabu yote ilikuwa kichwani na kwenye dhiraa ya mkono wake. Hakuna aliyemwita mhandisi.

Aliyeigeuza elimu hiyo kuwa ujenzi ni Frei Otto, Mjerumani aliyekuwa rubani katika Vita Vikuu vya Pili, na ambaye alipokuwa mfungwa wa vita Ufaransa alilazimika kujenga kwa vifaa haba. Baadaye alichovya fremu za waya katika maji ya sabuni na kuchunguza utando unaobaki. Utando huo hujivuta wenyewe, ukachukua umbo lenye eneo dogo kabisa linalowezekana, na mara nyingi umbo hilo hupinda pande mbili zinazopingana, kama tandiko la punda. Hapo ndipo ilipo siri: upepo ukisukuma upande mmoja, upande mwingine unakaza. Otto alijenga banda la Ujerumani kwenye maonyesho ya Montreal mwaka 1967, kisha akashirikiana na Günter Behnisch katika mapaa ya Olimpiki ya Munich ya 1972.

Munich ndiko kompyuta ilikoingia. Mapaa yale yalikuwa ya nyavu za nyaya, na vipimo vya vielelezo vidogo havikutosha kukata maelfu ya nyaya kwa usahihi. Klaus Linkwitz, mtaalamu wa upimaji ardhi, na wenzake walitunga njia ya kulitafuta umbo kwa hesabu. Tangu hapo fundi wa paa la kitambaa huanza na skrini. Programu hutafuta umbo, hulikata vipande vyembamba, hulalisha kila kipande kikawa bapa, kisha hukipunguza kidogo kwa sababu kitarefuka kikivutwa. Mashine ya kukata hufuata mistari hiyo. Fundi wa tanga angeitambua kila hatua.

Kuna paa moja la namna hii ambalo watu wa Msambweni, Ukunda na Vanga wamepita chini yake bila kusafiri kwa ajili yake. Ni kituo cha mahujaji cha uwanja wa ndege wa Jeddah, kilichofunguliwa mwaka 1981: mahema 210, kila moja la mraba wa mita 45 hivi kwa 45, yakining'inia kwa nyaya kutoka kwenye nguzo za chuma. Mhandisi wake mkuu alikuwa Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka. Kitambaa ni nyuzi za kioo zilizopakwa Teflon. Hurudisha sehemu kubwa ya jua na kuacha hewa ya moto itoke juu kwenye kilele. Miaka zaidi ya 40 imepita na bado mahujaji wanakaa kivulini mwake wakisubiri mabasi.

Funzo gumu zaidi lilikuja Mina, hukohuko Saudia. Mwezi Aprili 1997 moto uliteketeza maelfu ya mahema ya mahujaji na kuua zaidi ya watu 300. Baada ya hapo Saudia iliyaondoa mahema ya pamba na kuweka ya nyuzi za kioo na Teflon, yasiyoshika moto. Diani, ambako hoteli zaidi ya moja zimewahi kuteketea kwa sababu ya mapaa ya makuti, habari hiyo haihitaji kufafanuliwa.

Kwale nayo ina sehemu yake katika kisa hiki, ila chini ya ardhi. Mchanga mwekundu wa Maumba na Nguluku una madini mazito ya ilmenaiti, rutile na zirkoni. Kampuni ya Kanada, Tiomin, iliutafiti katika miaka ya 1990. Mwaka 2010 Base Resources ya Australia ikanunua mradi, na Februari 2014 shehena ya kwanza ikaondoka Likoni. Ilmenaiti ni nyeusi. Ajabu ni kwamba kiwandani hutolewa ndani yake titani dioksidi, unga mweupe kuliko karibu kila kitu. Sehemu kubwa ya madini ya titani duniani huishia kwenye unga huo: rangi za nyumba, karatasi, dawa ya meno, na turubai za PVC, ambako huleta weupe na kuikinga plastiki na jua.

Wajapani waliuongezea kazi nyingine. Akira Fujishima na mwalimu wake Kenichi Honda walichapisha mwaka 1972 ugunduzi kwamba mwanga ukiipiga titani dioksidi ndani ya maji, huyapasua. Kutokana na utafiti huo yalipatikana mapaa ya kitambaa yanayojisafisha: jua huunguza uchafu, mvua huuosha.

Uchimbaji wa Kwale ulikoma mwisho wa Desemba 2024. Kwa miaka 11 tuliuza mchanga na kununua turubai, na sijasikia mjadala wa maana kuhusu kilichokuwa kikifanyika katikati. Kinachozungumzwa ni kuta: huko Kilifi, kampuni ya 14Trees imeinua kuta za nyumba za Mvule Gardens kwa printa kubwa ya zege, na picha zake zilienea kote. Printa ile huishia ukutani. Juu hujengwa kama kawaida.

Sisemi makuti yang'olewe. Yanapumua, yanaozea shambani, na yanawalipa wanawake wanaoyashona; turubai ya PVC ikichakaa haina pa kwenda. Lakini turubai tayari ipo. Kila wikendi hema za harusi husimamishwa Ukunda na Msambweni, na masika yakianza utaona kijana amepewa mti wa kusukuma juu maji yaliyotuama kwenye paa. Maji hutuama kwa sababu mapande yamekatwa mistari iliyonyooka. Yakikatwa kwa mpindo kidogo pembeni, paa hukaza na maji huteremka. Programu ya Kangaroo, aliyoitunga Mwingereza Daniel Piker, hutoa mpindo huo, na mashine ya kuunganisha PVC kwa hewa ya moto huchukuliwa kwa mkono mmoja. Tatizo liko kwenye bei: mteja hulipia mita za turubai, na saa za kuchora hakuna anayezilipia.