Gramafoni ya Hendeli Katika Nachingwea na Ruangwa



Historia ya Nachingwea husimuliwa kwa Mpango wa Karanga, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Tunaambiwa habari za matrekta, vibarua, na reli iliyong'olewa katika miaka ya 1960. Gramafoni haitajwi, nami naona huo ni upungufu.

Mashine hiyo ilizifaa sana sehemu zisizo na umeme. Nguvu zake hutoka katika springi iliyokunjwa ndani ya kopo la chuma, nayo hukazwa kwa hendeli. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulichukua kama dakika tatu tu. Ndiyo maana katika kila ngoma alikuwako kijana wa kukaza hendeli!

Kama nyumbani kwenu imebaki moja, msikimbilie kuiuza kama chuma chakavu. Ikigonga kwa ndani wakati inazunguka, grisi ya springi imeganda. Iacheni kwanza izunguke mpaka nguvu ziishe kabisa, kwani springi iliyokazwa ikifyatuka hukata vidole. Halafu ioshwe kwa mafuta ya taa na kupakwa grisi mpya iliyochanganywa na kinywe. Kinywe ni madini yale yale yanayopatikana Ruangwa. Mafundi wa zamani waliyanunua ndani ya mikebe kutoka ng'ambo, na huku tuliyakanyaga.

Sauti ikikwaruza, tazameni kichwa cha sauti. Kiwambo chake, mara nyingi cha ulanga, hushikwa na mipira miwili ambayo hukauka kwa uzee. Badilisheni mipira, si kiwambo.

Mwendo nao hupimwa bila chombo. Wekeni kipande cha karatasi chini ya ukingo wa santuri, mhesabu mizunguko kwa saa ya mkononi: iwe 78 kwa dakika moja. Ikizidi, mwimbaji husikika kama mtoto. Ikipungua, kama mgonjwa. Iko skrubu ya kurekebisha. Sindano ya chuma hubadilishwa kila upande mmoja unapokwisha. Wenye ubahili ndio walioharibu santuri zao.

Sasa neno kuhusu santuri ndogo za plastiki, za mizunguko 45. Nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa kuanzia 1977 hadi 1983 kuzipata kulikuwa kazi kubwa. Baadhi ya nyimbo hizo leo hazipatikani kwa urahisi popote. Hizo msiziweke kamwe kwenye gramafoni ya hendeli. Kichwa chake ni kizito, na sindano ya chuma huilima plastiki hata kwa kupigwa mara moja tu. Zitafutieni mashine ya betri au umeme yenye sindano ya almasi, na mkiipata, rekodini nyimbo hizo siku hiyo hiyo.