Ada ya ufikishaji wa posta

Ada ya ufikishaji ni malipo ambayo posta ya nchi kinakotoka kifurushi huilipa posta ya nchi kinakopelekwa, kwa kazi ya kukifikisha kwa mwenyewe. Viwango huamuliwa na Umoja wa Posta Duniani (UPU), ulioasisiwa Bern mwaka 1874. Awali kila posta ilibaki na fedha za stempu zake, kwa kudhani kila barua ingejibiwa. Ada ilikubaliwa Tokyo mwaka 1969.

Nchi zinazoendelea, China ikiwemo, zilitozwa kidogo, na hapo ndipo vifurushi vya hadi kilo 2 vilipopata bei yao ndogo ajabu. Kava ya simu kutoka Shenzhen, yenye stika ya forodha CN 22, hupanda ndege pamoja na maelfu ya nyingine hadi Nairobi. Lakini mwishoni mwa safari, tuseme kutoka Kisumu hadi Awasi, kwenye barabara ya Kericho, gharama za gari, mafuta na mshahara hugawanywa kwa vifurushi vichache tu. Sanduku la posta huokoa sehemu ya gharama hizo, maana mpokeaji hufuata mzigo mwenyewe.

Oktoba 2018 Marekani ilitoa notisi ya kujitoa UPU ikilalamikia ada hizo ndogo, na malalamiko yake yalikuwa na msingi. Mkutano wa dharura wa Geneva, Septemba 2019, UPU ikiongozwa na Mkenya Bishar Hussein, uliziruhusu nchi zinazopokea vifurushi vingi mno kujipangia ada kuanzia Julai 2020.