Pumzi ya Motokaa: Habari za Hewa Baridi

Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: HEWA, SILINDA, CHUJIO. Wote wayasome pamoja kwa sauti, mara mbili. Vema.

Pengine mmepata kumwona kijana mwenye gari la mwendo wa kasi amefungua boneti, akavua sanduku jeusi la hewa lililotoka kiwandani, na mahali pake akafunga bomba linalong'aa lenye chujio jekundu mwishoni. Bomba hilo huitwa bomba la hewa baridi. Ukimwuliza sababu, atakujibu, "Gari lipate nguvu." Jibu lake lina kweli, lakini si kweli yote, na ile sehemu iliyobaki imewagharimu wenzake injini nzima. Leo tutaeleza jambo hili lilikotoka.

Kwanza tufahamu kazi ya hewa. Injini haili petroli peke yake. Kila kilo moja ya petroli yataka karibu kilo 15 za hewa ipate kuungua vizuri. Tukihesabu kwa lita, lita moja tu ya petroli yataka hewa lita 9,000 hivi. Fikirini chumba kidogo chenye urefu wa mita 2, upana wa mita 2 na kimo cha zaidi kidogo ya mita 2. Hewa yote ya chumba hicho humalizwa na lita moja ya petroli! Kwa hiyo kutia petroli nyingi katika injini ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuitilia hewa ya kutosha.

Sasa, mnajua habari ya pishi sokoni. Mchuuzi mwaminifu huitikisa pishi yake, mahindi yakashikana, na mnunuzi akapata zaidi katika pishi ile ile. Hewa nayo ndivyo ilivyo. Ikipoa hushikana, ikipata moto hutawanyika. Chukua hewa ya pwani, ujazo wa mita moja kila upande. Ikiwa na joto la digrii 20 za sentigredi, ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Ikiwa na joto la digrii 60, kama ilivyo mara nyingi chini ya boneti, uzito hupungua hata kufika kilo 1.06. Silinda ndiyo pishi yetu. Haikui wala haipungui, lakini kitu kilichomo chaweza kuwa kingi au kichache. Gari linalovuta hewa ya moto linapunjwa katika kila pishi.

Mwinuko wa nchi nao hupunja vivyo hivyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha sehemu moja katika sita. Ndiyo maana gari lililotoka pwani huonekana limechoka likifika huko, ingawa halina ugonjwa wowote.

Injini ya namna tunayoitumia leo, yenye kuvuta, kubana, kuwasha na kutoa, ilitengenezwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876. Motokaa nyingi za mwanzo hazikuwa na chujio la hewa. Kabureta ilikuwa wazi, ikavuta kila kilichopita mbele yake, pamoja na mchanga wa barabara. Mchanga ukiingia silindani husaga kuta zake kama tupa, na injini hufa mapema. Basi watengenezaji wakaanza kufunga machujio. Kwa miaka mingi yalitumika machujio yenye bakuli la mafuta, na miaka ya 1950 yakaenea yale ya karatasi iliyokunjwa-kunjwa, ambayo mafundi wetu wanayajua hata leo.

Waliofundishwa zaidi na shida ya hewa ni watu wa eropleni. Eropleni ikipanda juu sana hewa huwa chache, na injini hukosa pumzi. Dawa yake ilikuwa kipepeo cha kuisukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Lakini yeyote aliyetia upepo gurudumu la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto. Hewa ikibanwa huwa ya moto, na hewa ya moto, kama tulivyosema, hutawanyika. Unachopata kwa mkono wa kulia wakipoteza kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1942 Waingereza walianza kurusha Spitfire ya namna ya tisa, yenye injini ya Rolls-Royce Merlin iliyobana hewa mara mbili. Baada ya kubanwa, hewa ilipitishwa kwanza katika kipozeo, kitu mfano wa rejeta, ipate kupoa kabla ya kuingia silindani. Magari mengi ya siku hizi yenye turbo yana kipozeo cha kazi hiyo hiyo.

Vita hivyo hivyo vilitoa fundisho la pili, na kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi. Spitfire za namna ya tano zilipelekwa Malta na Misri, na huko mchanga wa jangwani ulikuwa adui wa injini. Ikabidi zifungwe chujio kubwa la kampuni ya Vokes, lililotokeza chini ya pua ya ndege kama kidevu kinene. Chujio lilihifadhi injini, lakini lilipunguza mwendo, na rubani aliye vitani hataki kupunguziwa mwendo hata kidogo. Basi mafundi wa karakana ya Aboukir, karibu na Iskanderia, wakatengeneza chujio dogo zaidi lisilozuia upepo sana. Angalieni jambo walilolikataa: hawakuondoa chujio kabisa. Walijua kwamba ndege ya kasi isiyo na chujio, katika nchi ile, haina maisha marefu. Walitafuta njia ya katikati.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, maana huko ndiko hewa baridi ilikogeuka kuwa bidhaa ya dukani.

Baada ya vita, vijana wa Marekani walipenda sana mashindano ya kuondoka kwa kasi katika njia iliyonyoka yenye urefu wa robo maili. Viwanda viliona kwamba mshindi wa Jumapili huuza magari Jumatatu. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ilitengeneza magari machache ya mashindano yaliyoitwa Thunderbolt. Mbele yalikuwa na nafasi za taa nne, lakini taa mbili za ndani ziliondolewa, na katika matundu yake wakatia mabomba manene ya kupeleka hewa ya nje mpaka kwenye kabureta. Taa zikawa pua!

Mwaka uliofuata, 1965, jambo hili lilimfikia mtu wa kawaida. Kampuni ya Pontiac iliuza gari liitwalo GTO. Juu ya boneti palikuwa na mdomo wa kuvutia hewa, lakini ulikuwa pambo tu, umezibwa. Yule aliyenunua injini yenye kabureta tatu, ya nguvu za farasi 360, aliweza sasa kununua kwa wakala wa kampuni sinia ya bati na mpira laini. Sinia ilizungukwa na mpira huo, ikawekwa juu ya kabureta, na boneti ilipofungwa, mpira ulibanwa ukazuia hewa ya moto ya injini isiingie. Kisha mwenye gari alitoboa lile pambo, na pambo likawa mdomo wa kweli. Kazi hiyo haikutaka mashine kubwa. Mtu mwenye vyombo vya kawaida na subira aliweza kuifanya nyumbani, na hilo lilipendeza watu kuliko hesabu za farasi.

Watu wa Pontiac waliita jambo hili kwa jina lenye maana ya hewa ya kusukumwa, kama kwamba upepo wa njiani unashindiliwa silindani. Jina zuri la kuuzia, lakini lina majivuno. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, upepo wa mbele huongeza msukumo wa hewa kwa kiasi kisichofika nusu ya sehemu moja katika mia. Faida hasa haikutoka katika kusukuma. Ilitoka katika ubaridi.

Tena, mdomo ulioelekea mbele hupokea mvua vizuri kama unavyopokea upepo. Kampuni ya Chevrolet ilitumia njia nyingine: iligeuza mdomo nyuma, ukaelekea kioo cha mbele, mahali ambapo upepo hurundikana. Chevelle ya mwaka 1970 ilikuwa na kifuniko kilichofunguka dereva alipokanyaga mafuta mpaka chini, na kujifunga alipoachia. Mimi naona hiyo ilikuwa kazi ya akili kuliko midomo yote ya wakati ule.

Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 upepo ulibadilika. Moshi wa magari ulikuwa umekuwa balaa katika miji kama Los Angeles, na serikali zikaanza kutoa sheria. Injini yenye kabureta ikiwa baridi huchoma petroli vibaya na kutoa moshi mchafu. Basi viwanda vikafunga kifaa cha kuipa injini hewa ya moto kutoka kando ya ekzosi wakati wa kuwasha, na kuifungia hewa hiyo injini ikishapata joto. Tazameni maajabu: watu waliotoboa boneti kutafuta baridi sasa walinunua gari lenye bomba la kuleta joto! Wala viwanda havikukosea. Mashindano na safari ya asubuhi kwenda kazini si kazi moja.

Mabadiliko makubwa yaliyofuata yalikuwa ya kipimo. Mwaka 1967 Volkswagen iliuza gari lenye kifaa cha Bosch kilichonyunyiza petroli kwa amri ya umeme, na kuanzia miaka ya 1970 vikaenea vifaa vinavyopima hewa yenyewe inapoingia. Kipimo hicho huitwa sensa ya hewa. Hukaa katika bomba, baada ya chujio, na kuiambia injini, "Hewa iliyopita ni kiasi hiki, leta petroli kiasi hiki." Toka hapo kubadilisha bomba hakukuwa tena kazi ya bati na mpira tu. Bomba likiwa na ufa baada ya sensa, huingia hewa isiyohesabiwa, petroli haitoshi, injini hutetemeka na taa ya onyo huwaka.

Hata hivyo vijana hawakuacha. Miaka ya 1990, kusini mwa California, walinunua Honda Civic na magari madogo ya namna hiyo, wakayafunga bomba refu lililoshuka mpaka nyuma ya bampa, karibu na gurudumu, kulikokuwa na hewa baridi kweli kweli. Mwishoni walitia chujio la pamba lililopakwa mafuta, la namna iliyojulikana kwanza katika mashindano ya pikipiki za jangwani. Jimbo la California lina amri kwamba bomba lisilopimwa na kupewa namba ya kibali lisitumike barabarani.

Na hapo ndipo lilipo lile jambo lililowagharimu wengi. Chujio lililo chini ya bampa liko karibu na maji. Gari likiingia kwenye dimbwi refu, injini hunywa maji. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda hukuta maji kama ukuta, na mkono wa chuma unaoishika hupinda au kuvunjika mara moja, pengine ukatoboa injini ubavuni. Kwa ajili ya farasi wachache mtu amepoteza farasi wote.

Madereva wa Safari Rally ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1953, walilijua jambo hilo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Matope na mito ilikuwa sehemu kubwa ya habari hiyo. Katika miaka ya 1990 magari kama Toyota Celica na Subaru Impreza, na ile Ford Focus iliyoshinda mwaka 1999 mikononi mwa Colin McRae, yalipandishiwa bomba la hewa kando ya kioo mpaka karibu na paa. Watu hao walitaka kasi kuliko kijana yeyote wa mjini, lakini pua waliiweka juu.

Sasa, wewe mwenye gari lako na bomba mkononi. Injini iwe imepoa. Fungua waya wa betri wa upande wa kutoa. Kabla ya kuvua sanduku la kiwandani, tazama linavuta hewa wapi. Katika magari mengi ya siku hizi tayari linavuta nje, nyuma ya taa au juu ya rejeta, na chujio wazi likikaa katikati ya joto la injini litakuongezea sauti tu. Toa sensa polepole, usiiguse ndani, na uirudishe kwa kufuata mshale wake wa upande wa hewa. Funga kinga ya bati kati ya chujio na injini. Pete za kubana zikaze sawasawa, kisha washa gari na usikilize. Mlio wa filimbi ni hewa inayoibwa. Chujio la pamba likioshwa, mafuta yawe kidogo, kwa kuwa yakizidi huchafua sensa. Na chujio likiwa chini, piga magoti mbele ya bampa upime kwa rula ni sentimita ngapi toka ardhini, kabla ya masika.

Sanduku la kiwandani lifunge katika gunia kavu, ulitundike stoo pamoja na misumari yake.