Siku ya juma katika makro za lahajedwali

Lahajedwali huhifadhi tarehe kama namba. Katika Excel, Januari 1, 1900 ni siku ya 1. Desemba 9, 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, ni ya 22,624. Igawanye kwa 7: hakibaki kitu, na pasipobaki kitu siku hiyo ni Jumamosi.

Makro hupata jibu hilo kwa amri ya Weekday, ambayo isipoelekezwa huanza kuhesabu Jumapili. Ikiongezewa neno vbSaturday, Jumamosi huwa 1, Jumapili 2, hadi Jumatano 5, sawasawa na majina ya Kiswahili yanavyohesabu. Alhamisi na Ijumaa huwa 6 na 7. Kwa Mswahili hakuna mpangilio ulio wazi kuliko huu.

Kuna mtego mmoja. Lahakazi ya Excel inaitambua Februari 29, 1900, siku ambayo haikuwapo kamwe, kosa lililorithiwa kwa makusudi kutoka programu ya lahajedwali ya Lotus 1-2-3. Makro hailitambui, hivyo kabla ya Machi 1, 1900 namba zake hupishana na za lahakazi kwa siku moja.

Siku za kazi nazo hutafutwa kwa fomula ya WORKDAY, iliyopewa orodha ya sikukuu. Idd, inayongoja mwezi uandame, huingizwa kwa mkono.