Athari za Vita vya Vietnam kwa wanavijiji na askari

Vita vya Vietnam (1955–1975) vilipiganwa kati ya Vietnam Kaskazini, iliyosaidiwa na Umoja wa Kisovyeti na China, na Vietnam Kusini, iliyosaidiwa na Marekani. Upande wa kusini mapigano mengi yalitokea vijijini, kati ya wakulima wa mpunga. Wanavijiji walibanwa na pande zote mbili, na mara nyingi askari walishindwa kumtofautisha mkulima na mpiganaji.

Wanavijiji

Vijiji vingi vilikuwa chini ya jeshi la serikali mchana, lakini usiku wapiganaji wa msituni, walioitwa Viet Cong, walifika kudai mchele, kodi na vijana wa kupigana. Viongozi wa vijiji waliotii serikali waliweza kuuawa na wapiganaji hao. Walioshukiwa kuwasaidia wapiganaji waliweza kukamatwa na serikali au kuchomewa nyumba.

Mwaka 1962 serikali ya rais Ngo Dinh Diem ilianza kuwahamishia wakulima katika vijiji vilivyozungushiwa ua na mitaro, ili kuwatenga na Viet Cong. Wengi walihamishwa kwa nguvu, wakaacha mashamba yao na makaburi ya wazee wao, ambayo Wavietnam huyaheshimu sana. Mpango huo ulivunjika baada ya Diem kupinduliwa na kuuawa mnamo Novemba 1963.

Kati ya miaka 1962 na 1971 ndege za Marekani zilinyunyiza zaidi ya lita milioni 70 za kemikali za kuua mimea juu ya misitu na mashamba. Mojawapo, Agent Orange, ilikuwa na dioksini, sumu inayodumu udongoni na kuhusishwa na saratani.

Tarehe 16 Machi 1968 askari wa Marekani waliwaua mamia ya wanavijiji wasio na silaha huko My Lai, wakiwemo wanawake, watoto na wazee. Orodha ya Vietnam ina majina 504. Rubani wa helikopta Hugh Thompson, Mmarekani pia, alitua kati ya askari na wanavijiji akaokoa baadhi yao. Ofisa mmoja tu, William Calley, alitiwa hatiani.

Askari

Wamarekani wengi waliopelekwa Vietnam walikuwa vijana, baadhi yao wakiandikishwa jeshini kwa lazima. Kwa kawaida walikaa mwaka mmoja, wakihofia mabomu ya ardhini, mitego na adui wasiyemwona. Zaidi ya 58,000 walikufa. Wengi waliorudi waliteswa na jinamizi na hofu, hali ambayo madaktari wa akili wa Marekani waliitambua rasmi kama ugonjwa mwaka 1980.

Askari wa Kaskazini walisafiri kwa wiki au miezi kwenye Njia ya Ho Chi Minh kupitia Laos na Kamboja, wakikabili mabomu, njaa na malaria. Baada ya Saigon kutekwa tarehe 30 Aprili 1975, maofisa na askari wengi wa Kusini walifungwa katika kambi, wengine kwa miaka mingi.

Baada ya vita

Mwaka 1995 serikali ya Vietnam ilikadiria kwamba raia waliokufa walifikia milioni 2, na wapiganaji wa upande wake milioni 1.1. Mabomu ambayo hayakulipuka yaliendelea kuua na kujeruhi wakulima, hasa katika mkoa wa Quang Tri.