Daktari mkimbizi na maumivu yanayobaki baada ya upasuaji wa mgongo

NIEMBA, Kalemie – Mtu aliyepasuliwa mgongo kisha akaendelea kuumwa huambiwa mengi: amerogwa, anajilegeza, hataki kazi. Mara nyingine sababu ni kovu. Kidonda cha ndani kinapopona, kovu huweza kuubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni, na mguu ukawaka moto kutoka kitakoni hadi kwenye unyayo.

Kupitisha dawa huko si jambo jipya. Mwaka 1901, mjini Paris, madaktari Sicard na Cathelin, kila mmoja kivyake, walidunga dawa ya ganzi kupitia tundu dogo lililo mwisho wa uti wa mgongo, karibu na kitako. Shida ni kwamba dawa hufuata penye nafasi. Ikikuta kovu hugeukia kwingine.

Aliyeishughulikia shida hiyo ni Gabor Racz, mzaliwa wa Hungaria. Mwaka 1956, majeshi ya Kisovieti yalipozima maasi ya Budapest, alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Akakimbia nchi yake, kama walivyokimbia vijiji vyao wengi wanaofuata habari hii. Uingereza ilimpokea, akamaliza masomo Liverpool mwaka 1962, halafu akaenda Marekani. Huko Lubbock, Texas, alikutana na watu waliokwisha kupasuliwa na bado usiku hawalali.

Alitumia katheta, yaani mpira mwembamba wenye waya na ncha laini. Huingizwa kwenye tundu lile lile, daktari akiutazama kwa eksirei unavyopanda hadi penye kovu. Ndipo hupitishwa maji ya chumvi, dawa ya ganzi na dawa ya kupunguza uvimbe, ili mshipa uachiliwe. Njia hiyo aliichapisha mwaka 1989.

Nchini Ujerumani, utafiti wa 2013 kwa wagonjwa 90 wenye maumivu ya namna hii ulionyesha nafuu kubwa kuliko kwa waliofanyiwa tiba ya kuigiza, hata baada ya mwaka. Si wote walipona. Tena ina hatari zake: vijidudu kuingia, au utando wa uti wa mgongo kutobolewa. Ni kazi ya hospitali yenye eksirei na mtaalamu, si ya mchoma sindano wa sokoni.

Anayeumwa baada ya upasuaji aende kwa daktari na karatasi zake zote. Mguu ukilegea ghafla, mkojo ukigoma au ukijitokea wenyewe, ama sehemu za siri zikifa ganzi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.